UZI: Taarifa za mvua kwa simu kutoka kwa wananchi wa Dodoma. Tutoke kwenye "imepiga balaa" twende kwenye milimita

Kipimamvua_Dom (mleta uzi)

Wakuu, kila ikifika Novemba makundi ya WhatsApp ya hapa Dodoma yanajaa "Nzuguni inapiga balaa" na "Mkonze jua kali, hata tone hakuna". Wote wawili wanasema kweli. Shida ni kwamba mtabiri hawezi kufanya lolote na ujumbe wa namna hiyo: hauna kipimo, saa haijulikani, na "Nzuguni" ni eneo kubwa. Hapa tujadili namna ya kuufanya uwe kipimo.

Kwanza kwa nini tunauhitaji. Mvua yetu nyingi hutoka kwenye mawingu ya radi ambayo upana wake ni kilomita chache tu. Kituo cha uwanja wa ndege kinapima kilichoanguka pale kilipo. Setilaiti inasaidia, lakini makadirio ya IMERG (makadirio ya mvua ya NASA) yako kwenye miraba ya nyuzi 0.1, yaani kama kilomita 11 kila upande, na ya CHIRPS (makadirio mengine, yanayochanganya setilaiti na vituo) ni nyuzi 0.05, kilomita 5 na nusu hivi. Isitoshe, CHIRPS hutegemea sana ubaridi wa kilele cha wingu. Hewa ya Dodoma chini ya wingu mara nyingi ni kavu, hasa mwanzo wa msimu, kwa hiyo mvua inaonekana ikining'inia chini ya wingu na kukauka kabla haijafika ardhini. Setilaiti inaona wingu zuri, mkulima anaona vumbi. Rada nayo, kwa sababu ya mwinuko wa mwali na mviringo wa dunia, ikielekezwa nyuzi 0.5 basi kwenye umbali wa kilomita 100 inapima karibu kilomita 1.5 juu ya usawa wake. Kinachotokea chini ya hapo haikioni.

Mvua ya mwaka mzima hapa ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote inakuja msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Mvua moja ya milimita 50 ni karibu sehemu ya kumi ya mwaka. Ukiikosa kwenye kumbukumbu umekosa kitu kikubwa.

Zipo taarifa za aina mbili na zisichanganywe kwenye jedwali moja:

Ya kwanza ni kipimo cha kila siku: chombo kimoja, mahali pamoja, saa ileile, milimita. Marekani mtandao wa CoCoRaHS unaenda hivyo. Ulianza Colorado mwaka 1998, baada ya mafuriko ya Fort Collins ya Julai 1997.

Ya pili ni taarifa ya tukio: mvua ya mawe, upepo umeezua paa, korongo limejaa, radi. Hii haihitaji chombo, inahitaji mtu mwenye simu na macho. Programu ya mPING ya Marekani ni ya namna hii, mtu anagusa aina ya kinachoanguka na simu inatuma mahali na saa.

Ya kwanza inajenga kumbukumbu, inapima kama utabiri ulikuwa sahihi na inarekebisha makadirio ya setilaiti. Ya pili inasaidia tahadhari ya saa chache zijazo. Karibuni.

FundiBomba41

Nianze na chombo, maana hapo ndipo wengi wanaharibu.

Chukua bomba la PVC la maji taka la inchi 4, kata kipande cha sentimita 30. Kata kwa msumeno wa chuma, mdomo uwe sawa kabisa, halafu piga msasa kwa upande wa nje ili ukingo uwe mkali. Ukingo mnene na bapa hurusha matone, mengine ndani, mengine nje. Chini ziba kwa kifuniko chake na gundi ya bomba. Jaza maji, weka juu ya gazeti kavu usiku kucha. Gazeti likilowa, rudia gundi.

Sasa pima kipenyo cha ndani. Bomba la inchi 4 huuzwa kama milimita 110, lakini hiyo ni ya nje. Ndani unaweza kupata sentimita 10.4 hivi, inategemea unene wa ukuta, kwa hiyo kila bomba lipimwe. Pima mara mbili kwa msalaba, maana mabomba mengine yamebonyea kidogo. Eneo la mdomo ni 3.14 × 5.2 × 5.2 = sentimita za mraba 85. Milimita moja ya mvua hapo ni mililita 8.5.

Hesabu yenyewe: mililita zako × 10 ÷ eneo la mdomo. Umemwaga ukapata mililita 212, basi 2120 ÷ 85 = milimita 24.9. Ukitumia kipenyo cha nje (11.0) unapata 22.3. Umeshapoteza zaidi ya asilimia 10 kwa kosa la rula tu, na litajirudia kila siku ya msimu bila mtu kujua.

Maji uyapime kwa bomba la sindano la mililita 20 au 60 kutoka duka la dawa, bila ncha. Kama kuna mzani wa jikoni wa kidijitali ni rahisi zaidi: gramu moja ni mililita moja. Pima chombo kitupu kwanza.

Ndani weka funeli ya plastiki ikae sentimita 5 hivi chini ya ukingo. Inapunguza maji kukauka na kuzuia matone kuruka nje.

Chilonwa_Kwetu

Mkuu na chupa ya maji ya lita moja na nusu? Vijijini PVC ni gharama.

FundiBomba41

Inafaa kwa kuanzia, kwa sharti. Ile ya kukata juu, kugeuza mdomo kuwa funeli na kubandika rula pembeni inadanganya kwa sababu tatu: kitako cha chupa kina vinundu, ukuta una mikunjo, na mara nyingi kiuno ni chembamba kuliko pale ulipokata. Kwa hiyo usisome kwa rula. Kata sehemu iliyonyooka, pima kipenyo cha pale ulipokata, na maji uyapime kwa sindano kama ya bomba. Kipenyo cha sentimita 9 kinatoa eneo la 63.6, yaani mililita 6.4 kwa milimita moja ya mvua. Kitako weka kokoto kwa uzito, lakini kokoto zikae nje ya chombo cha maji, mfano chupa ndani ya kopo lenye kokoto. Zikiwa ndani zinabaki na maji ambayo sindano haiyatoi.

Jua la Dodoma linaifanya plastiki ile ivunjike. Badilisha kila msimu.

Kipimamvua_Dom

Naongeza mahali pa kuweka. Ukingo uwe mita 1 hadi 1.2 juu ya ardhi, kwenye nguzo. Chini zaidi kuku na mbuzi wanamaliza maji na udongo unaruka ndani. Juu zaidi upepo unapitisha matone pembeni na unapima pungufu. Juu ya paa, hapana.

Umbali kutoka mti, nyumba au ukuta: angalau mara mbili ya urefu wake, na mara nne ni bora. Mwembe wa mita 5, kaa mita 10 kwa uchache. Kwa viwanja vya Kisasa na Area C vyenye kuta kila upande hili ni gumu kweli. Basi chagua kona iliyo wazi zaidi, piga picha pande nne, na uandike kwenye usajili kwamba kuna ukuta wa mita fulani upande fulani. Kituo kibaya kinachojulikana ubaya wake kinatumika. Kisichojulikana hakitumiki.

Simamisha kwa pima maji ya fundi. Mvua ya upepo ikija kwa mlalo wa nyuzi 45, chombo kilichoinama nyuzi 5 kuielekea kinazidisha asilimia 8.

Uzio wa miiba sawa, lakini uwe chini ya ukingo na usikigande chombo. Na tumieni plastiki. Chombo cha chuma kitaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Halafu Oktoba na Novemba mwanzoni kabla ya mvua, safisha. Vumbi na viota vya nyigu vinaziba funeli, na mvua ya kwanza, ambayo ndiyo kila mkulima anaisubiri, inapimwa sifuri.

Jedwali_na_Ramani

Chombo kimeeleweka. Sasa ujumbe wenyewe, maana huko ndiko data nyingi zinafia.

Saa. Mvua isomwe saa 3 asubuhi, ndiyo saa ambayo watu wa vituo hapa kwetu wanasoma, sawa na 06:00 ya saa za dunia. Mtu akijaza "saa 3" kwenye fomu iliyotengenezwa na mtu asiyefikiria, mfumo unaandika 03:00, yaani saa 9 usiku. Ukimwachia mwananchi aandike saa, nusu watafuata saa ya Kiswahili na nusu ya simu, na huwezi kuwatofautisha baadaye. Dawa: usimwulize saa. Chukua saa ya simu wakati anajaza. Kwa tukio uliza "imeanza dakika ngapi zilizopita?" na mpe vitufe: sasa hivi, 15, 30, 60, zaidi.

Usichukue saa ambayo ujumbe umepokelewa kama una njia nyingine. Kwenye vijiji vya Bahi na Chemba ujumbe unaweza kuandikwa asubuhi na ukafika alasiri mtandao ukirudi. Programu kama KoboCollect inajaza bila mtandao na kuhifadhi saa ya kujaza, inatuma baadaye.

Tarehe. Kipimo cha Jumanne saa 3 asubuhi ni cha kuanzia Jumatatu saa 3 asubuhi. Mmoja ataita mvua ya Jumatatu, mwingine ya Jumanne, mwingine "usiku wa kuamkia Jumanne". Kwenye jedwali weka safu mbili, mwanzo wa kipindi na mwisho wa kipindi. Usiweke "tarehe ya mvua".

Mahali. Usitegemee GPS ya simu kwa kipimo cha kila siku. Msomaji anapima nyumbani, anatuma akiwa sokoni Majengo. Kila chombo kiwe na namba, mfano NZG03, na eneo lake lichukuliwe mara moja wakati wa kusajili. Kwa taarifa ya tukio, hapo GPS ndiyo inatakiwa. Inafanya kazi bila bando, ila bila mtandao inachukua muda kupata setilaiti, hivyo mtu asubiri akiwa sehemu ya wazi. Kama kuna radi, asisubiri. Aandike jina la kitongoji aingie ndani.

Namba. SMS iwe fupi: `NZG03 24.9`. Mfumo ukubali 24,9 pia. Ukiona 249 usiikubali wala usiitupe, rudisha ujumbe: "Ni 24.9 au 249?" Matone yasiyofika 0.1, herufi M.

Na sifuri iandikwe. Kukaa kimya si sifuri. Kimya kinaweza kuwa hakukunyesha, simu imezima chaji, msomaji yuko msibani. Kama watu wanaripoti pale inaponyesha tu, huwezi kujua kipindi cha ukavu kimeanza lini na kimedumu siku ngapi. Kwa Dodoma ukavu wa katikati ya msimu, kama ule wa Februari, ndio unaoua mahindi.

Picha za WhatsApp: WhatsApp hufuta taarifa za mahali na saa zilizomo kwenye picha. Kama mnataka picha, itumwe kama faili, au ipigwe ndani ya fomu.

Mtumba_Mpya

Suala la kuwapa motisha? Bila vocha watu wataacha baada ya mwezi.

Jedwali_na_Ramani

Ukilipa kwa kila ujumbe, utapata ujumbe. Kama kilisomwa au la, hutajua. Takwimu za kupikwa zinajionesha: namba nyingi zinaishia na 0 na 5, hakuna desimali, jirani wawili wana namba moja kila siku, na mvua ndogo za 0.4 au 1.2 hazipo kabisa. Lipia gharama ya kutuma, yaani SMS iwe bure kwa mtumaji, na mrudishie kitu: jumla ya msimu wa chombo chake ikilinganishwa na cha jirani. Watu wanapenda sana kujua kama kwao kumenyesha kuliko kwa jirani, na ushindani huo hauna gharama.

Mtumba_Mpya

Hapo sikubaliani kabisa. Mama wa Mpwapwa anayesoma chombo kila siku kwa miezi sita amefanya kazi. Kumpa "jumla ya msimu" kama malipo ni dharau.

Kipimamvua_Dom

Wote mna hoja. Njia ya kati: kifuta jasho cha msimu kwa kukamilisha siku, sifuri zikihesabiwa sawa na siku za mvua, pamoja na ukaguzi wa kushtukiza mara moja au mbili. Kiasi cha mvua kisiguse malipo hata kidogo.

Na mchagueni msomaji kwa makini. Shule ndiyo kila mradi unaikimbilia, lakini shule zinafungwa Desemba, msimu wetu ukiwa ndiyo kwanza umeanza, na zinarudi Januari. Mwezi mzima unapotea. Zahanati haifungwi. Mlinzi wa shule anayelala pale anafaa kuliko mwalimu anayeishi mjini. Afisa ugani anafaa kama anaishi kijijini, na kila chombo kiwe na msomaji wa pili.

Korongo_la_Ilazo

Mmeongelea milimita, mimi niongelee makorongo. Kinyasungwe hukusanya maji ya upande wa Dodoma, Kongwa na Mpwapwa, huyapeleka Mkondoa na hatimaye Wami. Njiani reli ya kati ya zamani kati ya Gulwe na Kilosa imeharibiwa na maji mara nyingi, ikiwemo mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010. Aliye chini anaweza kuletewa maji na mvua ambayo hakuiona. Mwananchi aliye juu aliona.

Taarifa ya korongo isiulize "kina mita ngapi", mtu ataingia kupima. Iwe na ngazi nne kutoka sehemu moja ileile, ukiwa barabarani: kavu, yanatiririka, yamegusa alama, yamepita juu ya daraja. Alama ni mstari wa rangi kwenye nguzo ya daraja, kila sentimita 50. Ombeni ruhusa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kabla ya kupaka.

Mvua ya mawe: ripoti ukubwa wa jiwe kubwa uliloliona, kwa rula. Kama rula hakuna, piga picha likiwa kando ya sarafu, haraka kabla halijayeyuka, na mvua ikishapita. Upepo usikadiriwe kwa kilomita, watu wote husema 100. Eleza kilichotokea: matawi makubwa yanatikisika na nyaya zinapiga mluzi ni kilomita 39 hadi 49 kwa saa kwenye kipimo cha Beaufort (ngazi za upepo kwa kile unachokiona). Vitawi vinavunjika na kutembea kinyume na upepo ni kazi, hiyo ni 62 hadi 74. Kisulisuli cha vumbi cha mchana wa jua kiwe na kitufe chake peke yake. Kikichanganywa na upepo wa mvua ya radi, ramani nzima inaharibika.

Chilonwa_Kwetu

Kuna simu zina kipima kanieneo cha hewa ndani. Zinatumika?

Kipimamvua_Dom

Zinatumika kwa mabadiliko, si kwa thamani yenyewe. Kwenye mwinuko wa Dodoma, mita 1,120 hivi, kanieneo ni karibu hektopaskali 886, na kupanda mita 10 hivi kunaipunguza kwa 1. Ghorofa tatu zinatosha kukudanganya. Simu iliyolala mezani usiku kucha ina maana, iliyo mfukoni kwenye bodaboda haina. Joto la simu ndiyo lisahaulike, betri inajipasha yenyewe.

Sheria_na_Anga

Kabla hamjaenda mbali: Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya 2019 inaipa mamlaka hiyo, TMA, udhibiti wa huduma hizi. Mtandao wa vipimo uanze kwa kuzungumza nao. Kwa kupima mkawape data ni sawa, ila msianze kutoa "tahadhari" zenu kwenye makundi. Angalizo na tahadhari ni za TMA.

Pili, namba ya simu pamoja na eneo la nyumba ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Msomaji aridhie kwa maandishi, na ramani ya wazi ioneshe eneo kwa desimali mbili tu. Hiyo ni kama kilomita 1, mtafiti anaweza kuomba zaidi.

Jedwali_na_Ramani

Uchujaji sasa. Mitandao ya nchi nyingine inalinganisha chombo na majirani na kufuta kinachotofautiana. Hapa mkifanya hivyo mtafuta mvua halisi. Milimita 40 Ihumwa na sifuri kilomita sita pembeni ni jambo la kawaida. Kwa siku moja wekeni alama ya shaka tu, mpigie msomaji siku hiyohiyo. Baada ya wiki hakumbuki.

Kosa linaonekana kwenye jumla. Tofauti za siku moja moja zinafidiana kadiri msimu unavyokwenda, hivyo chora jumla limbikizi ya chombo dhidi ya wastani wa majirani wanne watano. Mstari unatakiwa kunyooka kwa jumla. Ukipinda ghafla na kubaki umepinda, kuna jambo: mti umekua, chombo kimehamishwa, kimepasuka, msomaji amebadilika. Ukinyooka lakini uko chini kwa asilimia 10 tangu mwanzo, rudi kwa FundiBomba41 mkapime kipenyo.

Kabla ya kugawa, weka vyombo vyote uwanja mmoja kando ya kipimamvua cha kituo, kwa ruhusa yao, mpaka vipite mvua kadhaa kubwa na ndogo. Kile cha kawaida cha inchi 5 kina eneo la sentimita za mraba 126.7, milimita moja ni mililita 12.7. Kisitumike kipimio chake cha kioo kwenye chombo chenu cha PVC. Mistari yake ni ya mdomo wake.

Mtumba_Mpya

Msomaji akisafiri siku tatu, akirudi akute maji?

Jedwali_na_Ramani

Atume `NZG03 JUMLA 3 41.5`. Yaani siku tatu, milimita 41.5. Mfumo uihifadhi kama jumla ya siku tatu na isiingie kwenye takwimu za siku moja. Asiigawe kwa tatu. Ikigawanywa, tukio la milimita 41 kwa saa moja linageuka mvua tatu za kistaarabu. Na asipotuma neno JUMLA, siku ya kurudi inaonekana kuwa na mvua kubwa ambayo haikuwepo, na ikivuka 50 inaweza kuhesabiwa kama mvua kubwa ya saa 24 wakati siyo.

Chilonwa_Kwetu

Bomba la inchi 3 je? Ndilo lililobaki dukani huku.

FundiBomba41

Linafaa. Kama ndani ni sentimita 7.0, eneo ni 38.5, milimita moja ni mililita 3.85. Tumia sindano ya mililita 10 kwa mvua ndogo. Usichanganye na ya inchi 4 kwenye hesabu, andika eneo la mdomo kwa rangi isiyofutika kwenye ubavu wa chombo.

Chilonwa_Kwetu

Sawa mkuu.